Uzi: Taa ya blaindi spoti ya kushoto inawaka barabara ikiwa tupu. Ni tope, bampa au chumvi?

Shangani_Kwetu (#1)
Wakuu, salaam. Nahitaji wenye ujuzi. Gari ni Mazda CX-5 ya 2017, imetoka Japani, ipo Mtwara mjini. Taa ya njano kwenye saiti mira ya kushoto, ile ya kuonya kuna chombo kwenye blaindi spoti (pembeni nyuma, usikokuona kwa vioo), inawaka wakati pembeni hakuna gari wala pikipiki. Ya kulia haina shida. Inatokea zaidi njia ya Mtwara kwenda Lindi, mwendo ukipita 60, na mvua ikinyesha inazidi. Dashibodi haitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Kona ya kushoto ya bampa la nyuma inaonekana iliwahi kutengenezwa na kupigwa rangi. Hiki kitu kinaona kwa njia gani hasa, na kinadanganywa na nini?

TopeJekundu (#2)
Kamera iliyo chini ya saiti mira imechafuka. Chukua kitambaa chenye maji, futa, maliza.

UmemeMagari (#3)
Mkuu #2, hapana. Kamera kwenye saiti mira zilikuwa za Volvo, mfumo wao wa mwanzo wa BLIS katikati ya miaka ya 2000, na baadaye nao wakahamia kwenye rada. Nissan Altima ya 2013 ilitumia kamera ya nyuma, ile inayojiosha na kujipuliza hewa. Baadhi ya Peugeot na Citroën zilitumia sensa za sauti, jamii ya zile za kuegeshea. CX-5 ina rada mbili za 24 GHz, moja kila kona ya nyuma, zimefichwa ndani ya bampa. Huzioni mpaka ufungue bampa.

Inavyofanya kazi: rada inarusha mawimbi ya redio, yanapita kwenye plastiki ya bampa, yakigonga kitu yanarudi. Muda wa kwenda na kurudi unatoa umbali. Masafa ya wimbi lililorudi yakiwa yamepanda au kushuka, hapo inapatikana tofauti ya mwendo kati yako na kile kitu. Kisha kompyuta inachuja. Kitu kinachobaki nyuma kwa mwendo uleule unaokwenda wewe kimesimama: mti, nguzo, kibao. Kinatupwa. Gari mnalopishana nalo linapotea nyuma kwa kasi kubwa zaidi, nalo linatupwa. Kinachobaki ni kile kinachokwenda uelekeo wako, kiwe kinakukaribia au kiko sambamba nawe. Hicho ndicho kinawasha taa. Ukiweka indiketa ya upande huo, taa inamweka, yaani inawaka na kuzima, na sauti inalia.

Kwa Mazda za kizazi hicho eneo linaanzia usawa wa nyuma ya milango ya mbele mpaka kama mita 50 nyuma ya gari.

FundiMikindani (#4)
Umeme kaeleza vizuri. Sasa rudi kwenye sentensi ya mwisho ya mleta uzi: "kona ya kushoto iliwahi kutengenezwa". Mimi naanzia hapo.

Bampa likipasuka, mafundi wengi wa bodi wanalishona: wanapasha waya au pini za chuma, wanazizamisha kwenye plastiki, juu wanapaka puti, wanapiga msasa na rangi. Kwa nje linapendeza. Lakini wimbi la 24 GHz lina urefu wa milimita 12.5 tu. Waya wa sentimita tatu mbele ya rada ni ukuta. Wimbi linagonga pale, linarudi au linakwenda pembeni ambako halikupangiwa. Puti nene nayo inapindisha, na rangi yenye chembe za alumini, ile inayometameta, ikirudiwa mara nyingi inazuia zaidi ya rangi ya kawaida.

Kipimo hakihitaji kompyuta. Chukua sumaku ndogo yenye nguvu, ya spika mbovu inafaa, ifunge kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi, ipitishe polepole kwenye kona yote ya bampa. Plastiki haivuti. Ikinasa mahali, kuna chuma ndani. Kisha linganisha na kona ya kulia, maana kuna breketi za kiwandani kwenye kingo ambazo zitanasa pande zote mbili. Angalizo: waya wa shaba hauvutwi na sumaku, kwa hiyo sumaku ikikaa kimya haimaanishi bampa ni salama.

MkulimaNewala (#5)
Mnamkimbilia fundi wa bodi bure. Udongo wa huku Makonde mpaka Masasi na Nachingwea ni mwekundu kwa sababu ya madini ya chuma. Vumbi hilo linajaa ndani ya bampa, linaganda usoni mwa rada. Chuma ni chuma, hata kikiwa vumbi.

UmemeMagari (#6)
Mzee wangu #5, wekundu wa udongo ni kutu, yaani oksaidi, haifanyi kazi kama bati. Vumbi kavu jembamba rada inalipita bila taabu. Kinachozuia ni maji. Tope bichi, au utando wa maji juu ya bampa, unameza na kurudisha mawimbi ya masafa haya kwa wingi. Ndiyo maana vitabu vya magari vinataja mvua kubwa na maji yanayorushwa na matairi kama sababu ya kuwaka ovyo. Tope likizidi sana, mfumo hujizima wenyewe na kuandika kwamba sensa imezibwa. Mleta uzi hapati ujumbe huo.

MkulimaNewala (#7)
Sawa kwa vumbi kavu. Lakini hewa ya pwani haikauki. Tope lililoganda ndani ya bampa, ambako jua halifiki, linakaa na unyevu siku nzima. Na #1 kasema mvua ikinyesha inazidi. Osha ndani kwanza, maji ya mpira wa kawaida kutokea chini. Mashine ya presha usiielekeze karibu kwenye rada wala plagi.

BiMchinga (#8)
Habari zenu. Mbona hamjiulizi kwa nini kushoto tu? Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Upande huo ndiko kuna nyasi ndefu, kingo za madaraja na vyuma vya kuzuia magari kwenye kona. Chuma cha kingo ni kirefu na hakina mwanzo wala mwisho kwa macho ya rada: kila mara kuna kipande kingine cha chuma mahali palepale pembeni yako, kwa hiyo mfumo unaweza kukidhania gari linalokwenda nawe. Kwenye kona ni rahisi zaidi, maana ukingo unaingia ndani ya eneo la rada kwa mshazari. Vitabu vya watengenezaji vinakiri hili waziwazi.

Pima hivi. Chagua kipande kilichonyooka, pembeni kuwe wazi, hakuna kingo wala nyasi za kufika kiunoni, siku kavu. Nenda 70 bila kubadilisha. Taa isipowaka hapo, gari ni zima, ni mazingira. Ikiwaka hapo, waachie mafundi.

MkulimaNewala (#9)
Bi Mchinga yuko sahihi, nami naongeza: tairi. Mfumo unajua kitu kimesimama kwa kulinganisha na mwendo wa gari lenyewe, na mwendo unatoka kwenye sensa za matairi. Ukifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, gari linakwenda kasi kuliko kompyuta inavyodhani. Nguzo iliyosimama itaonekana kama inatembea.

FundiMikindani (#10)
Mzee wa Newala, leo umeamka na gari zima!

BiMchinga (#11)
Tuhesabu. CX-5 ya rimu 17 inatumia 225/65R17, kipenyo milimita 724. Ukifunga 235/65R17 kinakuwa 737, ongezeko la asilimia 1.8. Kwenye 80 kosa ni kama kilomita 1.4 kwa saa, dogo mno. Ukifunga 235/70R17 unafika 761, asilimia 5, kosa ni kilomita 4 kwa saa. Hilo naweza kulifikiria. Lakini tairi lingeharibu pande zote mbili, na kulia kuko sawa.

DerevaWaKusini (#12)
Naomba nitoke kidogo kwenye swali, maana hili linahusu uhai wa watu kwenye njia yetu. Mifumo hii ilibuniwa kwa barabara za leni tatu nne. Ya kwetu ni leni moja kwenda, moja kurudi. Wengi wanasema basi haina kazi huku. Wanakosea.

Hatari ya Mingoyo kwenda Masasi, au Lindi kwenda Nangurukuru, ni kuovateki mara mbili. Uko nyuma ya lori la makaa ya mawe linalokwenda bandarini Mtwara, au la korosho msimu ukifika, mnatembea 60. Unasubiri nafasi. Nyuma yako basi limekwishatoka, linawapita wote wawili kwa 100. Wewe macho yako yako mbele, unatafuta nafasi, unatoka. Hapo taa ya kulia ndiyo mwokozi.

Lakini angalieni namba. Tofauti ya mwendo ni kilomita 40 kwa saa, sawa na mita 11 kwa sekunde. Mfumo unaoona mita 50 unakupa kama sekunde nne na nusu. Toyota za awali zenye mfumo huu (BSM) zilikuwa zinaona mita 3 tu nyuma ya bampa: hapo unapewa kama robo ya sekunde, basi limeshafika mlangoni. Toyota za baadaye zinaangalia mpaka kama mita 60 kwa gari linalokuja kwa kasi. Kwa hiyo anayenunua gari asiridhike na muuzaji kusema "ina sensa". Fungua kitabu cha modeli na mwaka wake, tafuta mchoro wa eneo, soma mita.

UmemeMagari (#13)
Nakazia #12. Na upana nao usome. Kwa Toyota eneo linaanzia nusu mita kutoka ubavuni hadi mita 3.5. Kilicho ndani ya ile nusu mita hakionekani. Pia kuna mwendo wa chini wa kuanza kazi: Toyota nyingi ni kuanzia kama 16, Mazda inatofautiana kwa mwaka, zipo za 30. Kwenye foleni ya sokoni usitegemee taa.

NachingweaMoja (#14)
Bodaboda je? Ndizo zinazotupita kushoto.

UmemeMagari (#15)
Pikipiki kubwa inaonekana mara nyingi. Ndogo, baiskeli na mtembea kwa miguu vimeandikwa kabisa kwenye vitabu kwamba visitegemewe. Chuma chake ni kidogo, kinarudisha wimbi hafifu, na bodaboda hupita ndani ya ile nusu mita. Bajaji ina uso mpana kidogo, lakini nyingi ni turubai. Kwa hao, geuza shingo.

DerevaWaKusini (#16)
Kwa lori ni tatizo kubwa zaidi. Dereva wa semi-trela aliyekaa kulia hamwoni kabisa mtu aliye ubavuni kushoto karibu na mlango. Na yale ya usukani wa kushoto yaliyotoka bara la Ulaya yanakuwa kinyume: upande asiouona ni kulia, ndiko anakoovatekia. Ulaya wameshalazimisha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 151 inataka malori na mabasi yawe na mfumo wa kumtambua mwendesha baiskeli ubavuni: tangu Julai 2022 kwa modeli mpya, Julai 2024 kwa kila gari jipya. Mitumba mingi inayofika kwetu ni ya kabla ya hapo.

SomangaJuu (#17)
Kabla ya rada, wekeni vioo sawa. Wengi wanaweka saiti mira waone robo ya gari lao wenyewe. Mhandisi George Platzer aliandika kuhusu hili mwaka 1995 kwa SAE, chama cha wahandisi wa magari. Kwa usukani wa kulia: egemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha lako, sukuma saiti mira ya kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kwa shida. Kisha ingiza kichwa katikati ya gari, chini ya kioo cha ndani, ufanye hivyo kwa kushoto. Ukikaa wima hutaliona gari lako pembeni, na ndivyo inavyotakiwa: gari linalokupita likitoka kioo cha ndani linaingia cha pembeni, likitoka hapo unaliona kwa jicho.

BiMchinga (#18)
Ni kweli, ila kioo hakilii. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS ya Marekani ilichapisha 2017 kwamba magari yenye mfumo huu yana ajali za kubadili leni pungufu kwa asilimia 14, na zenye majeruhi asilimia 23. Vyote viwili vinafaa pamoja.

NachingweaMoja (#19)
Tochi za trafiki za kupima mwendo haziwezi kuichanganya rada? Zinakaa njia hiyo hiyo.

UmemeMagari (#20)
Tochi ya leza inatumia mwanga, haigusi rada. Zipo za redio zenye masafa jirani ya 24 GHz, lakini inakumulika kwa sekunde chache tu. Haiwezi kuwasha taa safari nzima.

ChumviLindi (#21)
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa plagi. Magari yanayolala karibu na bahari, plagi za nyuma ya bampa zinaota kijani. Zima gari, chomoa plagi ya rada ya kushoto, angalia pini. Kijani au unga mweupe: pulizia dawa ya kusafishia kontakti, piga kwa brashi ya nailoni, acha ikauke, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji. Kisha pima. Swichi ikiwa imewashwa na plagi imechomekwa, kati ya waya wa hasi na bodi isizidi volti 0.1. Betri ikiwa imechomolewa, pima ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN, zile zinazobeba mawasiliano ya kompyuta za gari: omu 60 ndiyo afya. Ukipata 120, kuna waya umekatika mahali au kimojawapo cha vikinzani vya mwisho kimepotea.

FundiMikindani (#22)
Ndugu yangu wa Lindi, plagi mbovu inaua sensa, haiifundishi kuona kitu kisichokuwepo. Ingekuwa plagi, dashibodi ingeandika hitilafu.

ChumviLindi (#23)
Si lazima. Kwa magari mengine waya wa taa ya saiti mira unatoka kwenye moduli ya rada, unapita kwenye mpira wa bawaba ya mlango, unafika kwenye kioo. Maji ya chumvi yakiingia njiani yanaweza kuiwasha taa bila rada kusema lolote. Kuna njia ya kutenganisha: taa ikiwaka bila gari, weka indiketa ya kushoto. Ikianza kumweka na sauti ikilia, kompyuta inaamini kweli kuna gari, basi tafuta upande wa rada na bampa. Taa ikibaki imetulia bila sauti, tafuta waya.

FundiMikindani (#24)
Kipimo hicho nakipokea kwa mikono miwili.

Shangani_Kwetu (#25)
Shukrani wote. Majibu: kwenye kipande kilichonyooka, pakavu, hakuna kingo, taa imewaka. Kwa indiketa inamweka na kulia. Tairi ni 225/65R17. Sumaku inanasa kwenye kona ya kushoto, mstari wa kama sentimita kumi usio upande wa kulia. Ila kwa tochi ya simu kutokea chini, plagi nayo ina kijani, na breketi ya rada inaonekana imelala kidogo.

BiMchinga (#26)
Basi mazingira yangu yameondoka. Breketi hiyo isidharauliwe. Rada ikipinda nyuzi 3, mwali wake kwenye umbali wa mita 20 umehama mita moja nzima. Ukihama kuingia ndani, gari lililo nyuma yako kwenye leni yako linahesabiwa kuwa la pembeni.

FundiMikindani (#27)
Fungua bampa: skrubu za ndani ya matao ya matairi, klipu za chini, halafu vuta kona polepole, kuna plagi ya waya ndani, usiikate. Simu yenye kipimo cha mlalo iweke kwenye uso wa rada ya kulia, soma, kisha ya kushoto. Pima pia kwa futi kutoka kingo za breketi hadi bodi, kulia na kushoto. Breketi iliyopinda ibadilishwe, usiinyooshe kwa nyundo ikiwa na rada yake. Bampa lililoshonwa haliponi kwa kung'oa waya, maana puti inabaki. Tafuta jingine zima, hata la mtumba, na fundi wa rangi apige tabaka chache. Ukishafunga, rada ipimwe mwelekeo kwa mashine ya kompyuta na kifaa ambacho kitabu cha ufundi cha gari hilo kinataja, kikiwekwa umbali na urefu ulioandikwa humo.

ChumviLindi (#28)
Usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kilichoponya. Safisha plagi kwanza, dawa ya kontakti ni bei ndogo. Endesha, angalia. Ndipo uende kwenye bampa.

FundiMikindani (#29)
Kuifikia plagi hiyo vizuri ni lazima bampa lifunguliwe. Likishatoka, endesha hivyohivyo bila bampa kipande kifupi, siku kavu, barabara tulivu, rada ikiwa wazi. Taa ikitulia, bampa ndilo lenye kesi.

ChumviLindi (#30)
Na ikiendelea?

FundiMikindani (#31)
Breketi, kabla ya plagi.

MkulimaNewala (#32)
Na bampa likiwa chini, mwageni maji lile tope.